Madirisha ya Préfet

Mtu huyo alinuka javeli. Sisemi kwamba alikuwa mchafu. Alinuka ile dawa ya kuulia uchafu, saa zote, hata Jumapili akiwa ndani ya suti yake ya kijivu. Mpaka leo nikipita mahali wanaposafisha choo kwa javeli, wala sifikirii choo. Namfikiria yeye, amesimama kwenye barza ya nyumba yake, leso nyeupe mkononi, akilitazama vumbi jekundu la mji wetu wa Kamina kana kwamba kuna mtu amemtemea mate.

Tulimwita Préfet, kama wanavyoitwa wakuu wa shule za sekondari huku kwetu, na hata alipostaafu jina hilo halikumtoka. Nilikuwa mwanafunzi wake, halafu maisha yakanifanya jirani yake, ukuta mmoja mfupi wa matofali kati ya kiwanja chake na changu. Kazi yangu ni kushona mapazia. Kwa hiyo niliingia ndani ya nyumba ile mara nyingi kuliko watu wengi wa mtaa, na nikayaona madirisha yake yote, kwa ndani na kwa nje.

Nianze na mema yake, kwa sababu yapo, na yananikera kuliko mabaya. Nilipomaliza mwaka wa tatu wa sekondari baba yangu, aliyekuwa fundi wa reli, aliamua kwamba imetosha. Préfet alikuja nyumbani kwetu kwa miguu, jua likiwa kali. Akafuta kiti kwa leso, akaketi, akamwambia baba kwa Kiswahili chetu, ambamo "minyi" ni mimi na "njo" ni ndiyo:

"Huyu mutoto iko na akili. Minyi sitoke hapa mpaka unaniambia atarudia ku masomo."

"Mwanamuke anasoma juu ya nini, Préfet?" baba akamuuliza. "Ataolewa tu."

"Aolewe akiwa anajua kusoma barua ya bwana yake," Préfet akajibu.

Alikaa mpaka kivuli cha nyumba kikafika barabarani. Baba akakubali, na nadhani alikubali kwa uchovu. Mama alikuwa amemletea mgeni maji katika glasi yetu nzuri, ile ya kabatini. Préfet hakuigusa. Alikuwa na chupa yake begani, akanywa humo mbele yetu, taratibu, halafu akafunga kizibo. Alipoondoka mama aliyamwaga yale maji chini ya mchungwa, na glasi ile haikurudi kabatini tena. Nilimaliza shule kwa sababu ya mtu huyo. Kila ninapotaka kumshukuru naiona ile glasi.

Ndivyo alivyokuwa. Mwalimu wa shule yake akiugua, alikwenda kumwona, lakini aliishia mlangoni na kumsalimia kutoka pale. Alikataza walimu kupiga watoto, na sisi tukamsifu. Baadaye mwalimu mmoja akatuambia kwamba Préfet alisema fimbo inatoa watoto machozi na kamasi, naye hawezi kuvumilia kamasi. Kwenye harusi alitembea na kijiko chake mfukoni, kimefungwa ndani ya kitambaa. Bukari, ugali wetu, aliila kwa uma na kisu, akiikata vipande kama keki. Siku treni ilipoleta samaki wa chumvi kutoka Bukama, na akina mama wakapita na mabeseni kichwani, alifunga madirisha yote na kujaza javeli ndani ya ndoo.

"Minyi sipendi kitu yenye kushika harufu," alikuwa akisema. Alilisema kwa nguo, kwa mbao, kwa mbwa, kwa kitabu kilichoazimwa na mtu. Mke wake, alipokuwa hai, aliniambia siku moja huku akicheka kwamba hata yeye alipaswa kuoga kabla ya kuingia kitandani, na kuoga tena akiisha kutoka. Nilicheka naye. Sasa sioni alichokuwa anakichekea.

Mke alipofariki, watoto wao walikuwa wamekwisha kuhamia mbali, na ndani ya nyumba akabaki Préfet na dada yake mkubwa.

Huyo dada sote tulimwita Yaya, neno tunalolitumia kwa ndugu aliyekutangulia kuzaliwa. Préfet ndiye aliyekuwa na haki ya kumwita hivyo, lakini mtaa mzima ulimfuata. Alikuja kutoka kijiji cha upande wa Kaniama wakati bado ana nguvu, akawalea watoto wa mdogo wake wote, akawapikia, akalima mahindi nyuma ya nyumba. Sasa alikuwa mzee sana, na mguu wake mmoja ulikuwa na kidonda kisichopona. Chumba chake kilikuwa cha mbele, pembeni ya barza, na dirisha lake lilitazama barabara.

Dirishani hapo ndipo alipoishi. Asubuhi jua lilimpiga usoni, naye aliegemeza viwiko na kusalimia kila apitaye, mkubwa kwa mdogo, kwa Kiluba na kwa Kiswahili. Wauza samaki walimpa kasamaki kamoja, naye aliwashukuru: "Wafwako, mwanami. Mungu akuangalie." Mimi nikipita na vitambaa vyangu alinisimamisha.

"Mwanami, kuya uone. Leo unashona ya nani?"

Nilimwonyesha, akashika kitambaa kwa vidole, akasema kizuri au hapana. Siku moja nilimwuliza kama mdogo wake alikuwa hivi tangu utotoni, mtu wa kufutafuta vitu. Alicheka sana.

"Huyu? Mama yetu alikufa, ye iko kitoto kadogo, meno haina. Minyi njo nilikuwa namutafunia mahindi na karanga, namutilia mu kinywa. Alikuwa anafungua kinywa sawa ndege. Kama nachelewa, analia."

Alifungua kinywa chake kuniigizia. Hakuwa na meno tena hata yeye.

Sasa nije kwenye mapazia. Kiangazi kimoja Préfet aliniita. Alikuwa ametengeneza nyumba upya, rangi nyeupe, vigae, paneli ya jua juu ya bati, na kanisa lilikuwa limekubali kuja kuibariki. Pasteur, mchungaji wetu, angekuja na wazee wa kanisa na kwaya ndogo, wapite chumba kwa chumba wakiomba, kisha wale. Kwa siku hiyo hakutaka tena mapazia ya kitambaa niliyomshonea zamani. Aliyang'oa yote, akayachoma nyuma ya nyumba. Nilisimama upande wangu wa ukuta nikitazama kazi ya mikono yangu ikiungua, naye akanieleza kwa upole, kama anavyomweleza mwanafunzi, kwamba kitambaa kinashika moshi wa mkaa, kinashika mafuta, kinashika pumzi za watu.

Alitaka pazia za kuviringisha, zile tunazoziita kwa Kifaransa "stores": turubai jembamba linalojikunja kwenye bomba juu ya dirisha, unalishusha na kulipandisha kwa mnyororo mdogo wa shanga. Rafiki yake wa Lubumbashi alimtumia vipande vya mfano ndani ya boksi, na picha kwenye simu. Alinitaka nimsaidie kuchagua na kupima. Sikukataa. Ni kazi, na nilikuwa nataka kuzijua.

Tulivitandaza vile vipande juu ya meza ya salon, yaani sebuleni. Kila kimoja alikinusa kabla ya kukitazama.

Nilimwonyesha jinsi ya kupima. Kuta zetu hazijanyooka, kwa hiyo upana wa dirisha unaupima juu, katikati na chini, na unachukua ulio mdogo, la sivyo pazia litakwaruza ukuta. Nilimwuliza kama anataka zikae ndani ya fremu au juu yake. Ndani ya fremu ni nadhifu zaidi, lakini mwanga unapenya pembeni. Alipenda maswali hayo. Kwa nusu siku nilimwona tena mwalimu wangu, miwani juu ya paji la uso, akishika futi upande wa pili.

Ya jikoni alichagua ya plastiki, inayofutika kwa kitambaa chenye maji. Ya salon tulibishana. Nilimshauri rangi ya udongo, kwa sababu ya vumbi letu.

"Hapana," akasema. "Rangi yenye kuficha buchafu inadanganya bantu. Tutatia nyeupe. Ikichafuka, ionekane, tusafishe."

Akachagua nyeupe yenye vitundu vidogo sana, ile ambayo mchana unamwona aliye nje naye hakuoni. Hilo lilimfurahisha kama mtoto. Alikishika kile kipande mbele ya dirisha, akachungulia barabara.

"Naona bote. Bao habanione."

"Mangaribi ukiwasha taa inageuka, Tata Préfet," nikamwambia. "Bao njo batakuona."

"Mangaribi nitazima taa."

Chini ya boksi kulikuwa na kipande cheusi, kizito, chenye mpira nyuma. Hiyo haipitishi mwanga hata kidogo. Watu huiweka chumbani kwa mtoto mchanga, au kwa mtu anayefanya kazi ya usiku na kulala mchana. Alikiweka kando, peke yake.

"Na hii nyeusi, Tata Préfet, unaitia wapi?"

"Ku dirisha ya Yaya."

Nilidhani anataka apumzike vizuri. Nikamwambia Yaya hatapenda, yeye anaishi kwa lile jua, na atakuwa anaipandisha kila asubuhi.

"Hatapandisha," akasema. "Itafungwa inje, ku barza. Munyororo itakuwa inje, juu, ku musumari."

Alilisema bila kupandisha sauti, akivikusanya vipande vingine na kuvinyoosha pembe kwa pembe. Pasteur atapita barza, akanieleza. Wageni watapita barza. Haiwezekani wafike nyumba mpya, wakutane kwanza na ule uso dirishani, na zile kelele za kijijini, na ile harufu.

Nikamwambia stores hazifungwi nje, mvua itaziharibu. Nilisema hivyo kwanza kwa sababu ndiyo maneno yaliyonijia, maneno ya kazi. Halafu nikasema mengine.

"Tata Préfet, ile iko dada yako."

"Najua iko nani," akajibu. "Weye pima tu."

Nikaweka futi mezani, nikarudi nyumbani. Pazia za vyumba vingine zilikwisha kupimwa, nazo zilikuja na kufungwa. Ile nyeusi aliifunga seremala wa mtaa wa reli, ambaye hakuuliza kitu.

Tangu siku hiyo dirisha la Yaya lilikuwa mraba mweusi kwenye ukuta mweupe. Wauza samaki walipita, wakapunguza mwendo, wakaendelea. Nilikwenda kumwona. Ndani kulikuwa na giza na joto la bati, na javeli iliyomwagwa sakafuni mpaka macho yanawasha. Nilimkuta ameketi juu ya godoro, ameelekea kule kule kwenye dirisha.

"Kuko mawingu siku mingi, mwanami," akaniambia.

Nilipoinama kumsaidia kunyoosha mguu nikaona kilichofanyika. Juu ya bendeji kulikuwa na mfuko wa plastiki, ule wa dukani, umefungwa kwa kamba chini ya goti na kifundoni, ili harufu isitoke. Ndani ya plastiki kulikuwa na maji. Sitaeleza zaidi. Nilitoka nje nikatapika kando ya ukuta, na Préfet, aliyekuwa barzani, akaleta ndoo ya javeli, akaimwaga nilipotapikia. Nikamwambia ule mguu unaoza. Akasema muuguzi atakuja baada ya baraka ya nyumba, kabla ya hapo asingependa watu kuingia na kutoka.

Wakaja kweli, Jumamosi mchana. Pasteur, wazee wa kanisa, kwaya, na sisi majirani. Nyumba ilipendeza, siwezi kusema uongo. Wageni walivuta minyororo ya stores, wakapandisha na kushusha, wakasifu. Préfet alieleza juu ya vile vitundu. Halafu tukaanza kupita chumba kwa chumba, Pasteur anaomba, tunaimba ubeti mmoja, tunakwenda mbele. Tukapita salon, jikoni, chumba cha Préfet, chumba cha wageni. Tukafika kwenye mlango wa Yaya. Ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, na ufunguo uko palepale kwenye kitasa, kwa nje.

"Na hapa, Préfet?" Pasteur akauliza.

"Hapa iko depo, Pasteur. Bintu ya zamani tu."

Pasteur akaomba kwa ajili ya depo. Tukaimba ubeti. Na ndani, nyuma ya mlango, sauti ikaimba pamoja nasi, kwa Kiluba, nyuma kidogo ya kwaya, sauti ya mzee iliyopasuka, lakini maneno yote yapo. Kwaya ilifika mwisho ikanyamaza. Sauti ya ndani ikamaliza peke yake.

Wote tuliisikia. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

"Kuko muntu," Pasteur akasema.

Préfet alitoa leso, akajifuta vidole, kimoja kimoja.

"Njo mama moja, anatusaidiaka kazi. Iko mugonjwa kidogo."

Mimi ninajua kwamba nusu ya wale wazee wa kanisa walimfahamu Yaya. Walikula bukari yake miaka na miaka. Mmoja alikuwa akimsalimia dirishani kila Jumapili. Nikawatazama usoni, nikaona wanangoja tu tuendelee, maana harufu ya kuku wa kukaanga ilikuwa imefika kwenye ukumbi. Nimewahi kuona vitu vichafu katika maisha yangu, nimewahi kuosha maiti, lakini sijaona kitu kilichonichafua moyo kama zile nyuso zilizooga.

Nikazungusha ufunguo, nikafungua mlango.

Yaya alikuwa amejivalisha. Alikuwa amesikia wimbo tangu salon, akavaa kitenge chake cha kanisani gizani, kimegeuka ndani nje, na kujifunga kitambaa kichwani. Alikuwa amekaa ukingoni mwa godoro, ule mguu na plastiki yake mbele. Harufu ilitoka ikatupita. Mwimbaji mmoja akaziba mdomo.

"Mudogo yangu," akasema, macho yakihangaika na mwanga, "bageni balifika? Nilizania munanisahau."

Préfet alirudi nyuma hatua moja. Leso ilikuwa puani. Pasteur, nimpe haki yake, aliingia. Aliingia hatua chache, akaweka mkono kichwani kwa Yaya, akaomba sala fupi kuliko ile ya depo. Kisha akatoka, na wote wakaenda kula. Nilisikia sahani. Nilikaa na Yaya nikimgeuzia kitenge.

Préfet alinifuata baadaye, akasimama kizingitini.

"Ulinipatisha haya mu nyumba yangu."

"Minyi namubeba," nikamwambia. "Leo."

"Mubebe," akasema. Wala hakungoja nimalize.

Tulimpeleka kwenye kituo cha afya kwa pikipiki, mimi nyuma nimemkumbatia. Muuguzi alikata ile plastiki, akauliza ni nani aliyeifunga. Yaya akajibu haraka kwamba aliifunga mwenyewe. Aliletwa kwangu, akaoshwa kidonda kila siku kwa maji ya chumvi na dawa, na kabla mvua hazijakolea harufu ilikwisha kabisa. Kidonda chenyewe hakikufunga, lakini harufu ilikwisha. Kumbe kilichokuwa kinatakiwa ni hewa na mtu wa kukigusa.

Kwangu alikaa barzani. Kila asubuhi aliuliza kama mdogo wake amekula. Préfet alikuwa ng'ambo ya ukuta, nasikia akikohoa, na hakuvuka hata siku moja. Yaya alimtetea mpaka mwisho. "Ye haiko mubaya. Tumbo yake njo iko na woga." Alifariki mchana, mvua ikinyesha, mkono wake ndani ya wangu.

Na msiba ukafanyika kwa Préfet. Alikodi viti, akaweka picha kubwa ya Yaya, akapanda mbele na suti yake ya kijivu. Akasema kwa Kifaransa kizuri, kile alichotufundisha, kwamba yule alikuwa mama yake wa pili, kwamba kila alicho nacho kimetoka mikononi mwake, na kwamba amemlea uzeeni kama yai. Watu walilia. Pasteur alilia. Mimi nilitoka katikati ya hotuba nikarudi kwangu, nikafua shuka za Yaya mpaka giza likaingia, si kwa sababu zilikuwa chafu.

Miaka imepita tangu hapo. Hatukusemeshana, isipokuwa salamu ya barabarani. Mwaka huu alikuja kwangu asubuhi moja. Amezeeka, shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola, lakini kola ni nyeupe. Aliketi bila kufuta kiti, nikaliona hilo. Alitoa simu, akanionyesha picha. Anataka kufanya chumba cha mbele kiwe cha kusomea. Ile nyeusi mvua iliiharibu, ameitoa. Sasa anataka store nyepesi, ya kupitisha mwanga, na macho yake hayaoni vizuri tofauti ya rangi, ndiyo maana amekuja kwangu.

"Ile chumba njo iko na mwangaza ya kupita yote," akasema. "Mu nyumba muzima. Minyi sikujua."

"Yeye alijua," nikamwambia.

Aliendelea kutazama simu. Nilingoja aseme kitu. Nilingoja kwa kweli, nadhani ningesikiliza. Akapandisha picha nyingine kwa kidole.

"Hii rangi ya maziwa, ama hii ya muchanga?"

"Ya muchanga," nikasema, maana ndilo jibu sahihi kwa upande ule wa jua la asubuhi.

Akashukuru, akainuka, akaninyooshea mkono wa kuagana. Nikakunja vidole nikampa kifundo cha mkono, kama tunavyompa mtu viganja vyetu vikiwa vichafu. Alikishika, akatazama viganja vyangu. Vilikuwa visafi, nilikuwa nimetoka kunawa.